Damu ya Mwalimu Kemunto

Tulimzika Daktari Momanyi siku ya Jumatano, shambani kwake karibu na Birongo, mahali migomba inapokwisha na chai inapoanza. Waliosimama kumzungumzia walikuwa wengi: mzee wa kanisa lake la Waadventista, mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai, mpwa wake anayefanya kazi ya benki mjini Kisii, na jirani mmoja aliyelia kabla hajasema lolote. Walimsifu kwa upole wake, kwa kutokosa ibada ya Sabato, kwa chai yake iliyopaliliwa vizuri kuliko ya wote pale. Aliyesoma wasifu wake alipofika sehemu ya kazi alisema tu kwamba marehemu "alihudumu hospitalini," akageuza ukurasa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, na kwa muda nilifikiria kunyanyua mkono ili niongeze neno. Sikunyanyua. Ningesema nini? Kwamba mtu huyu aliwahi kujua jambo fulani kuhusu maini ya watu wetu kabla wengine hawajalijua, na kwamba kulijua kwake hakukumsaidia mtu yeyote? Hayo si maneno ya kusemea juu ya jeneza, mjane akiwa amekaa pale na leso yake.

Nimefundisha famakolojia, elimu ya dawa, chuo kikuu kwa miaka mingi sasa. Wanafunzi huniuliza, "Prof, mambo haya ya ini na dawa uliyaanzaje?" Mimi huwajibu kwamba nilipenda kemia. Ni jibu fupi na halimchoshi mtu. Jibu la kweli ni mwaka mmoja nilioishi Nyamira nikiwa bado msichana, na leo nitalisema. Habari za nyumbani kwetu nitaziacha, hazihusiki. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza shahada ya pili, sina kazi, na kwamba Momanyi alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa na ufadhili wa utafiti mdogo na anatafuta mtu wa kumsaidia. Aliniuliza swali moja tu kabla ya kunichukua. "Kerubo, unaweza kukaa mahali pamoja bila kuchoka?" Nilisema ndiyo. Wakati ule niliamini hivyo.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, na chumba tulichopewa kilikuwa stoo ya mashuka. Mashuka yalihamishwa lakini harufu yake ya sabuni ilibaki kwenye mbao za rafu, nasi tukapanga humo chupa zetu, friji moja, na mashine ya kupimia kiasi cha dawa kilichomo kwenye damu. Mashine ilikuwa kuukuu, imetolewa bure na maabara moja ya huko alikosomea, na ilipowashwa ilinguruma kwa sauti ya chini siku nzima. Dirisha letu lilitazama jiko la hospitali. Siku za kwanza niliwasikia wapishi wawili wakiongea huku wanachambua maharagwe.

"Hawa wenzetu wanapika nini humo?"

"Damu."

"Damu ya nani?"

"Ya wagonjwa. Si unasikia inavyochemka?"

Momanyi alicheka hadi akavua miwani. Sikumwona akicheka hivyo tena mwaka ule, ndiyo maana nakumbuka. Mchana tulikula pale pale, kwenye meza ya pembeni: yeye uji wa wimbi aliouleta kwa chupa ya chai kutoka nyumbani, mimi ugali na chinsaga, zile mboga chungu ambazo wapishi walizichemsha na maziwa mpaka uchungu ukapungua. Ni wakati wa kula ndipo alipokuwa akinifundisha. Hakuwa mtu wa kuchora ubaoni.

"Watu hudhani dawa ndiyo inayofanya kazi mwilini," alisema siku moja. "Ni kweli, lakini si yote. Mwili nao unaifanyia kazi dawa. Ukishaimeza tu, ini linaanza kuivunja ili itoke. Kuna watu ambao ini lao huivunja upesi, na kuna ambao huivunja polepole. Sasa huyu wa polepole ukimpa kila siku kipimo cha yule wa upesi, dawa inamrundikia."

"Ikimrundikia inakuwaje?"

"Inategemea dawa. Hii yetu hupanda kichwani."

Hii yetu ilikuwa efavirenz, kimojawapo cha vidonge vya ARV walivyopewa watu wenye virusi vya Ukimwi siku zile. Iliwaokoa wengi, na sitaki mtu asome ukurasa huu aondoke akiwa na wazo jingine. Niliwaona watu walioletwa kwa machela wakarudi kwao kulima. Lakini kliniki ilikuwa na wagonjwa wachache ambao damu yao ilikuwa ikipona huku wenyewe wakiharibika: hawalali, wanaona vitu, wanalia bila sababu, kisha siku moja hawaji tena. Kliniki iliwaita watoro. Momanyi alishuku kwamba maini yao hayakuwa yakiivunja dawa ile kwa kasi iliyotarajiwa na waliopanga kipimo, na kwamba watu wa aina hiyo ni wengi kwetu kuliko kule kidonge kilikojaribiwa kwanza. Huo ndio ulikuwa utafiti wote. Kutoa damu, kupima, kulinganisha.

Nitamwita Mwalimu Kemunto, ingawa silo jina lake. Alikuwa akifundisha Kiswahili shule moja ya msingi upande wa Masimba, na alipita hospitali zote za karibu na kwake akaja Nyamira ili asionekane na mtu anayemfahamu kwenye benchi la kliniki. Alikuwa mwanamke mrefu, anayekaa wima, aliyevaa sweta ya kijani hata jua likiwaka. Siku ya kwanza karani wa dawa alimwambia, "Mwalimu, vidonge zako ziko tayari," naye akamjibu kwa upole kabisa, "Vidonge vyangu viko tayari," kana kwamba yuko darasani. Karani alirudia kwa usahihi. Benchi zima likacheka, na Kemunto akacheka nao. Nilimpenda kuanzia hapo. Alikubali kuingia kwenye utafiti bila kusita. Alisema serikali ilimlipa aongeze maarifa ya watoto, kwa hiyo hawezi kukataa kuongeza ya watu wazima.

Baada ya miezi michache hakuwa yule. Alikaa kwenye kiti chetu, mkono ameunyoosha nitoe damu, akaanza kusema bila mimi kumuuliza.

"Kerubo, mimi nalala lakini silali. Nikifumba macho nyumba inajaa watu, wananisema. Nilidhani ni ndoto. Sasa hata mchana hawaondoki."

"Umemwambia daktari wa kliniki?"

"Nimemwambia. Amesema nitazoea. Jana niliandika neno ubaoni, halafu nikasahau linasomwaje. Nimelifundisha neno hilo miaka yote. Watoto wakanisomea."

Alilisema hilo la mwisho kwa aibu, kama mtu anayeungama. Nilifunga pamba kwenye mkono wake.

Tulipopima damu ile, mstari kwenye karatasi ya mashine ulipanda ukapita juu ya mahali tulipotarajia usimame. Momanyi aliutazama, akaniambia nirudie. Nilirudia. Ukapanda vile vile. Alikwenda dirishani akasimama akiwatazama wapishi, mikono nyuma, kisha akasema, "Anakunywa sumu, Kerubo. Anakunywa sumu kwa utiifu." Hakuwa mtu wa maneno makubwa, ndiyo maana yaliniingia.

Daktari wa kliniki aliitwa Mutiso, Mkamba, mtu mwema aliyechoka. Ofisi yake ilikuwa na kalenda tatu ukutani na kitanda cha wagonjwa kilichojaa mafaili. Momanyi alimwekea karatasi yetu mezani, akamweleza, akamwomba ampunguzie Kemunto kipimo. Mutiso aliisoma yote. Simlaumu kwa kutosoma.

"Daktari, mimi nakuamini," alisema. "Lakini mwongozo unasema kidonge kizima. Nikimpa kidogo, virusi vikaizoea dawa, nitampa nini? Ile nyingine ilimtoa vipele mwili mzima, karibu tumpoteze. Kabati langu halina dawa ya tatu."

"Akiendelea hivi ataacha zote."

"Akiacha, atakuwa ameacha yeye. Nikimpunguzia mimi akafa, nimemuua. Unaona tofauti?"

Momanyi alisema anaiona. Alisema pia kwamba kwa Kemunto tofauti hiyo haipo. Mutiso akamwomba radhi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na kweli ilikuwa ndefu.

Tukaiandikia kamati ya maadili iliyosimamia utafiti wetu. Jibu lilichukua muda, na lilipokuja lilikuwa la heshima na la busara: mashine yetu ilikuwa ya zamani, matokeo hayajathibitishwa na maabara nyingine, na matibabu ya mshiriki hayawezi kubadilishwa kwa msingi wa utafiti ambao haujakamilika. Tupeleke sampuli ng'ambo zikahakikiwe. Sasa ninakaa kwenye kamati za namna hiyo mimi mwenyewe, na ningeletewa ombi lile leo ningeandika karibu maneno yale yale. Nimemtafuta mkosaji kwa miaka mingi. Sijampata, na ningekuwa na amani zaidi kama ningempata. Tulipakia damu kwenye barafu, tukaituma, tukasubiri.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Nyanchama. Ijumaa jua likielekea kuzama jiko lake lilizimwa, na chakula cha Sabato kilikuwa tayari kimepikwa: ndizi za kuchemsha, maharagwe, kuku kama kuna mgeni. Jumamosi moja mgeni alikuwa dada yake kutoka Masimba. Tulikaa mezani baada ya kanisa, nao wakazungumza Ekegusii kwa sauti ya chini ile inayotumika kwa habari za watu.

"Kuna mwalimu mmoja kwetu," dada alisema. "Mwanamke msomi hasa. Siku hizi anaongea na ukuta. Juzi alitoka darasani akakaa kwenye majani mpaka shule ikafungwa."

"Amerogwa?"

"Wengine wanasema hivyo. Kanisa limefunga na kuomba. Mume wake anataka kumpeleka kwa mhubiri mmoja Ogembo anayetoa mapepo."

"Maskini. Na watoto?"

"Watoto wanamwogopa."

Nilirudisha kipande cha ndizi kwenye sahani. Nilijua ni nani. Nilijua pepo lake ni lipi, na kiasi chake kwenye damu. Nilikuwa nimeapa kutotamka jina la mgonjwa yeyote nje ya chumba cha mashuka, na hata kama ningekiuka kiapo, ningefichua pia ni dawa ya ugonjwa gani, mbele ya mwanamke ambaye Jumapili angekuwa amerudi Masimba. Mama Nyanchama aliniambia, "Kula, mwanangu, mbona umeacha?" Nikala. Naweza kusema kwamba elimu yangu yote haijawahi kuwa kitu kizito kama ilivyokuwa kwenye meza ile.

Kisha Kemunto akaja siku ambayo hakuwa na miadi. Niliusikia mwendo wake kwenye ukumbi kabla sijamwona. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka nywele, amebeba mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Alimsalimia Momanyi, akanikumbatia, akaketi wima kama zamani. Nilimwambia kwa furaha, "Mwalimu, umependeza, hata macho yako imebadilika."

"Yamebadilika," alisema, na tukacheka sote wawili. Momanyi hakucheka. Alikuwa ameshaelewa.

"Umeacha lini?" alimuuliza.

"Tangu mwezi uliopita. Wamenipeleka Ogembo, wameniombea, na mimi nikaviacha vidonge siku hiyo hiyo. Mume wangu anadhani ni maombi." Alitazama mikono yake. "Nalala, Daktari. Watoto wangu wanakuja tena kukaa karibu nami. Ninafundisha."

Momanyi alivuta kiti akaketi mbele yake. Alimweleza yote tuliyoyapata, polepole, kwa Ekegusii, kama mtu anavyoongea na dada yake. Alimwambia wazimu ule ulitoka kwenye kidonge, si kwake. Alimwambia kwamba bila dawa virusi vitarudi. Mwishoni alisema jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi. "Sina ruhusa ya kukwambia hivi. Meza kidogo. Meza sehemu yake tu, nitakuonyesha namna, na nitakupima damu mimi mwenyewe."

Kemunto alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, kama walimu wachache walivyo. Kisha akatikisa kichwa.

"Mnasema dawa ile ni nyingi mno kwangu. Nawaamini. Lakini mna hakika ikiwa kidogo haitanirudisha kule?"

"Sina hakika," Momanyi alisema. "Nafikiri haitakurudisha."

"Unafikiri." Alilirudia neno bila kejeli. "Daktari, hujawahi kuwa kule. Mimi nikirudi kule hata siku moja, sitatoka. Acha nikae na watoto wangu nikiwa mimi."

Tulimbembeleza hadi wapishi wakaanza kugawa chakula cha mchana. Alikula nasi, akatusimulia kisa cha mwanafunzi aliyeandika insha kuhusu ng'ombe wa mjomba wake, kisha akaaga. Momanyi alimsindikiza hadi langoni na kubaki amesimama pale. Ningependa kuandika kwamba ndizi zile zilitushinda kula. Tulizila. Zilikuwa tamu.

Kemunto alipata miezi mizuri, na mimi sikubali mtu aniambie haikuwa kitu. Halafu kikohozi, halafu kichwa kuuma, halafu wakamlaza wodi moja mjini Kisii, ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye ubongo. Barua ya uthibitisho kutoka ng'ambo ilifika wiki hizo hizo. Mashine yetu kuukuu ilikuwa sahihi, na kamati sasa iliruhusu wagonjwa wa aina ile wapunguziwe, chini ya uangalizi. Momanyi aliisoma akiwa amesimama, akaniambia nichukue koti.

Tulimkuta amelala upande, uso umekuwa mdogo. Mume wake, fundi wa mbao, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshika kikombe cha uji ambao haukunywewa. Momanyi aliinama karibu na sikio la Kemunto akamwambia kwamba wamethibitisha, kwamba ilikuwa dawa. Kemunto alifumbua macho.

"Kwa hiyo sikuwa mwendawazimu."

"Hukuwa, Mwalimu."

"Mwambieni baba watoto."

Momanyi alimchukua mume hadi kwenye ukumbi, mimi nikawafuata. Alimweleza kwa maneno rahisi kuliko yote niliyowahi kumsikia akitumia: mke wako hakuwa na pepo, hakurogwa, akili yake ilikuwa nzima, ni kidonge kilichomzidi. Yule mtu aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi. Momanyi alipomaliza, yeye alisema, "Asante, Daktari." Kisha akauliza, "Sasa atapona?"

Momanyi alisema hapana. Kemunto alifariki kabla ya shule kufungwa.

Ruhusa ile tuliyoipata hatukuitumia kwa mtu yeyote. Wafadhili walikuwa wamebadilisha mambo yanayowavutia, na mwisho wa mwaka ufadhili ulikoma. Lori lilikuja likachukua mashine, na mashuka yakarudishwa kwenye rafu. Makala tuliyoyaandika yalikataliwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wachache mno, jambo ambalo lilikuwa kweli. Momanyi angeweza kutafuta ufadhili mwingine. Alirudi Birongo kulima chai. Kwa muda nilimkasirikia kwa hilo, kisha nikawa mtu mzima.

Mimi nilipata nafasi ya kusoma nje, nikaendelea na kazi ile ile ya ini na dawa, na baadaye, nikiwa maktaba, niliona makala ya watu wengine kabisa. Walikuwa na wagonjwa wengi, mashine mpya, hata jeni inayosababisha ini kuwa polepole waliipata. Kila walichokisema, Momanyi alikuwa amekisema mbele ya uji wa wimbi. Nilitoa nakala, na nilipokuja likizo nilimpelekea Birongo. Alikuwa ametoka shambani, magamba ya udongo kwenye buti. Alikaa barazani akavaa miwani, akasoma kurasa zote bila haraka, hata majedwali. Nilimtazama nikingoja hasira, au fahari, au chochote.

"Wamefanya kazi nzuri," alisema. "Safi sana." Akageuza ukurasa wa mwisho kuona kama kuna kitu nyuma yake. "Hawa wagonjwa wao waliwapunguzia dawa?"

"Ndiyo."

"Wakatulia?"

"Wengi wao, ndiyo."

"Kiasi gani waliwapa?"

Nilimwonyesha mahali kilipoandikwa. Kilikuwa kiasi kile kile alichotaka kumpa Mwalimu Kemunto. Alikitazama kwa muda, akakunja karatasi zangu vizuri na kunirudishia zote, hata moja hakubaki nayo. Kisha akamwita mkewe atuletee maji ya kunawa mikono, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva.